Mama aliacha atenolol siku nne, moyo ukaanza kwenda mbio: afanye nini sasa?

*"Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Ana presha mwaka wa tisa sasa, na kisukari mwaka wa nne. Kila asubuhi anameza atenolol 50 mg na amlodipine 5 mg. Kwa sukari anameza metformin na glibenclamide. Mwezi uliopita alipimwa famasi akaambiwa presha ni 118/74. Akasema imeshatulia, na kwa kuwa atenolol inamchosha na vidole vyake huwa vya baridi, akaiacha. Amlodipine aliendelea nayo. Siku ya nne usiku moyo ulianza kumwenda mbio, na alipopanda ngazi kifua kikawa kinambana. Tulipima tukakuta 178/102 na mapigo 116. Jirani anayetumia propranolol 40 mg akampa vidonge viwili. Alimeza kimoja usiku, kingine asubuhi pamoja na atenolol yake. Tangu hapo amerudia atenolol kila siku, leo ni siku ya sita. Kifua hakibani tena, presha ni 136/84, lakini mapigo ni 54. Shangazi anasema dawa hizi hulegeza moyo mpaka unasimama, na kwamba ukishazianza ndiyo basi, huwezi kuziacha. Ramadhani nayo inakaribia na mama anataka kufunga. Je, aendelee nayo au kuna dawa nyingine? Na hayo mapigo 54 si hatari?"*

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote: kile kifua kilichobana alipopanda ngazi. Kifua kinachobana mtu akitumia nguvu na kuachia akipumzika, kwa mtu wa miaka 61 mwenye presha na kisukari, tunakichukulia kuwa ni dalili ya mishipa ya moyo kupitisha damu kwa shida, mpaka vipimo vituambie si hivyo. Kwamba sasa hakibani ni jambo la kushukuru, ila halijibu swali hilo, kwa sababu atenolol aliyoirudia inaweza kuwa ndiyo inayoficha maumivu. Mpeleke wiki hii hii akapimwe umeme wa moyo, msisubiri tarehe ya kliniki. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza hata kupata shambulio la moyo bila maumivu makali, akaishia kusema tu amechoka, anatokwa na jasho na pumzi haimtoshi. Kifua kikimbana tena akiwa amekaa, au kikimbana kwa zaidi ya dakika chache, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hadi aonwe na daktari, aendelee na atenolol yake 50 mg kila siku bila kuruka. Na jirani, pamoja na wema wake, abaki na vidonge vyake.

Sasa tuje kwenye kilichotokea, maana ukikielewa hiki, maswali yako mengine yatajijibu nusu.

Atenolol iko katika kundi linaloitwa betabloka. Majina ya dawa nayaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi ili uweze kulinganisha: atenolol, propranolol, bisoprolol, metoprolol, nebivolol, carvedilol, labetalol. Angalia mwisho wa jina. Zote huishia na "lol", na hiyo ni alama nzuri ya kukumbuka ukiwa dirishani pa famasi. Mwili una homoni mbili, adrenalini na noradrenalini, ambazo huuamuru moyo upige haraka na kwa nguvu tunapokimbia, tunaposhtuka au tunapokasirika. Homoni hizi hufanya kazi kwa kuingia kwenye vipokezi, tuseme milango midogo iliyo juu ya chembe za moyo. Betabloka huiziba milango hiyo. Moyo unapiga taratibu zaidi, unasukuma kwa nguvu ndogo, na kwa hiyo unahitaji oksijeni kidogo. Wazo lenyewe lilikuwa hilo tangu mwanzo: James Black, daktari wa Uskochi aliyebuni propranolol miaka ya 1960, alikuwa anatafuta njia ya kuupunguzia moyo mzigo badala ya kuulazimisha upate damu zaidi. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Betabloka huziba pia milango ya aina hiyo kwenye figo, ambazo hupunguza kutoa renini, kitu kinachochangia kupandisha presha.

Lakini mwili haukai kimya. Ukiona milango imezibwa miezi na miaka, unajenga mingine mipya. Siku dawa inapokatwa ghafla, ile ya zamani inafunguka na mipya ipo wazi, na adrenalini ya kawaida kabisa, ile ya mtu kuinuka kitandani tu, inauingia moyo kupitia milango mingi kuliko ya mtu asiyewahi kumeza dawa. Mapigo yanapanda, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa hata kabla ya matibabu, na moyo unadai oksijeni ambayo mishipa yenye mafuta haiwezi kuileta. Hapo ndipo kifua hubana, na kwa mwenye bahati mbaya, hapo ndipo shambulio la moyo hutokea. Hatari hii huanza siku chache baada ya kuacha na inaweza kuendelea hadi wiki mbili hivi. Siku ya nne ya mama yako imo humo humo. Kwa hiyo kilichomfanyia hivyo ni dawa kukatwa kwa ghafla. Marekani onyo hili la kutokata ghafla limewekwa ndani ya fremu nyeusi kwenye maelezo ya atenolol, mahali pa maonyo mazito kuliko yote.

Ile 118/74 ya famasi, basi, ilikuwa presha ya mama akiwa na dawa mbili mwilini. Watu wengi sana huanguka kwenye mtego huu na simlaumu. Tumezoea kwamba malaria ikitoka kwenye kipimo, umepona. Presha haiko hivyo: namba nzuri inakuambia dawa inafanya kazi, basi.

Shangazi naye nimjibu kwa heshima, maana ana sehemu ya ukweli. Ni kweli betabloka hupunguza kasi ya moyo, na dozi kubwa mno, au mchanganyiko mbaya wa dawa, unaweza kuushusha moyo hadi mtu azimie. Kwa miaka mingi hata madaktari waliogopa kuwapa dawa hizi wagonjwa ambao moyo umetanuka na kushindwa kusukuma damu vizuri, kwa hofu hiyo hiyo ya shangazi. Halafu mwaka 1999 yakatoka majaribio mawili makubwa, moja la bisoprolol na jingine la metoprolol ya kutolewa polepole, na katika kila moja vifo vya wagonjwa wa aina hiyo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Moyo uliochoka ukipewa nafasi ya kupumzika kati ya pigo na pigo hujaa damu vizuri na hupata nguvu kidogo kidogo. Sharti ni kuanza na dozi ndogo kabisa, bisoprolol 1.25 mg kwa siku au carvedilol 3.125 mg mara mbili kwa siku, na kuongeza si chini ya wiki mbili baada ya hatua iliyotangulia, mgonjwa akiwa hajavimba miguu wala kubanwa pumzi. Kama unasoma haya na una tatizo hilo, usishangae daktari akikupa kidonge kidogo namna hiyo, wala usikiongeze mwenyewe ukidhani alikosea. Ujue pia kwamba katika ugonjwa huo zinazotumika ni hizo zilizothibitika, na atenolol haimo.

Hilo la pili la shangazi, kwamba ukianza huwezi kuacha, si kweli. Unaweza, ila kwa kushuka ngazi moja moja. Nitarudi hapo.

Mapigo 54. Yale mapigo 60 hadi 100 tunayosoma kila mahali ni ya mtu mzima aliyetulia na asiyetumia dawa ya kushusha mapigo. Kwa anayetumia betabloka, 54 akiwa hana kizunguzungu, hajazimia, anatembea na kuongea vizuri, mara nyingi ni dawa inayofanya ilichotumwa. Mwenye kifua cha kubana, daktari anaweza hata kulenga 55 hadi 60 kwa makusudi. Ninachoangalia ni mtu mzima mzima, pamoja na namba.

Mfundishe mama kuhesabu mwenyewe. Akae dakika tano bila kuongea. Aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndani ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, asibonyeze sana. Ahesabu dakika nzima kwa saa au simu. Sekunde 15 mara nne hazitoshi, kwa sababu mapigo yanayorukaruka hudanganya katika muda mfupi, na mashine za presha nazo hukosea mapigo ya aina hiyo. Yakiwa chini ya 50 na anajisikia vizuri, apumzike nusu saa ahesabu tena. Yakibaki hapo, mpigie daktari au muende kituoni kabla hajameza dozi inayofuata. Yakiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu, macho yanaingia giza au amezimia, au yakiwa chini ya 40 hata kama anasema yuko sawa, asimeze, aende hospitali moja kwa moja. Haya hayapingani na nilichosema juu ya kutokata dawa. Kusubiri dozi moja ili daktari aone ni tofauti na kuacha nyumbani kimya kimya.

Ule usiku wa propranolol sasa. Atenolol inaielekea zaidi ile milango ya moyo na figo. Propranolol haichagui: huziba pia milango ya kwenye mirija ya mapafu, ambayo kazi yake ni kuitanua. Kama mama angekuwa na pumu, kidonge kimoja cha jirani kingeweza kumbana mapafu hadi pampu yake ya salbutamol isimsaidie vizuri, kwa kuwa mlango ambao salbutamol huupitia umezibwa. Atenolol nayo huanza kupoteza uchaguzi wake dozi ikipanda, ndiyo maana mwenye pumu lazima aseme hata kama hajabanwa miaka kumi. Halafu asubuhi ile alikuwa na betabloka mbili mwilini kwa pamoja. Ningependa kumwambia jirani hivi: ukimwona mtu katika hali ile, mpeleke hospitali. Huko wanaweza kupima umeme wa moyo kwanza na kujua kama moyo unakwenda mbio kwa kukosa dawa au kwa sababu nyingine, kwa mfano upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au shambulio lenyewe.

Na hapa niseme neno ambalo wengi hawalijui: dawa ya matone ya macho iitwayo timolol, inayotolewa kwa presha ya macho, ni betabloka pia. Huingia kwenye damu. Mwenye pumu, au anayemeza atenolol, amwambie daktari wa macho.

Sukari. Kama ningeruhusiwa kukaa na mama yako kwa dakika kumi tu, nyingi ningezitumia hapa. Glibenclamide hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na inakaa mwilini muda mrefu. Sukari ikishuka mno, mwili hutoa adrenalini, na mtu huhisi moyo unadunda na mikono inatetemeka. Hizo ndizo kengele. Betabloka huzizima. Mtu anaweza kupita kutoka kujisikia kawaida hadi kuchanganyikiwa bila ile tahadhari ya katikati. Kengele moja huachwa: jasho. Hivyo mama akitokwa na jasho la ghafla bila joto wala kazi, au akiwa na njaa kali, akiongea maneno yasiyoeleweka, akawa mkali bila sababu, pima sukari mara moja. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, au kama hamna kipimo, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari), subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni kama bado iko chini, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimpe kitu mdomoni, hospitali.

Kwa sababu hiyo swali la Ramadhani lina uzito kuliko unavyodhani, na mzigo mkubwa hauko kwenye atenolol. Hiyo ni ya mara moja kwa siku, na akiimeza wakati wa daku, muda haujasogea sana na asubuhi yake ya kawaida. Asiihamishie kwenye futari kwa kuruka asubuhi, maana siku ya kwanza atakaa saa 36 hivi bila dawa. Ugumu uko kwenye glibenclamide pamoja na saa kumi na tatu na zaidi bila kula, huku kengele zimezimwa. Mtu wa namna hii anaingia kundi la wanaoweza kupata madhara kwa kufunga, na daktari anaweza kumbadilishia dawa ya sukari, kupunguza dozi, au kumshauri asifunge mwaka huu, hasa kama kifua kitathibitika kuwa na tatizo la moyo. Aende mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi mtukufu, ili dawa mpya ijaribiwe akiwa anakula. Na wakati wa saumu, kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi; ikishuka chini ya 4, afungue hapo hapo.

Je, anaihitaji atenolol? Hili ndilo swali lako hasa, na jibu la kweli ni kwamba linategemea kile kipimo cha wiki hii.

Kama mama ana presha peke yake, bila tatizo la moyo, betabloka si chaguo la kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja makundi matatu ya kuanzia: dawa za kukojoza za jamii ya hydrochlorothiazide, dawa kama amlodipine, na zile za jamii ya enalapril au losartan. Sababu ni kwamba betabloka, na atenolol hasa, hazikuonyesha kukinga kiharusi vizuri kama hizo nyingine. Kwa watu wenye asili ya Afrika, betabloka ikitumika peke yake pia hushusha presha kidogo kuliko amlodipine au dawa ya kukojoza. Jaribio la CREOLE lililotolewa mwaka 2019, lililofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba amlodipine ikiunganishwa na hydrochlorothiazide, au na perindopril, hushusha presha vizuri kuliko muunganiko usio na amlodipine. Mama tayari yuko kwenye amlodipine 5 mg, na nafasi ya kwenda 10 mg ipo. Kwa kuwa ana kisukari, daktari akipima mkojo na kukuta protini atakuwa na sababu nzuri ya kuongeza losartan au enalapril kwa ajili ya figo. Kuna hoja nyingine ya kuifikiria upya atenolol: hutolewa mwilini kwa figo. Figo zikichoka, kama zinavyoweza kwa mwenye kisukari, dawa hujikusanya, mtu anachoka zaidi na mapigo yanashuka zaidi. Uchovu na baridi ya vidole vya mama vinaweza kuwa madhara ya kawaida ya dawa, au ishara kwamba 50 mg imekuwa nyingi kwa figo zake. Kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyochuja, kitasema. Figo zikichuja chini ya mililita 35 kwa dakika, 50 mg kwa siku ndiyo kikomo. Chini ya 15, ni 25 mg.

Lakini kama kipimo kitaonyesha mishipa ya moyo imebana, au mapigo yasiyo na mpangilio, au moyo uliotanuka, mambo yanageuka. Hapo betabloka inakuwa na kazi yake maalumu, na mazungumzo yatakuwa ni ipi na kiasi gani: labda bisoprolol badala ya atenolol, labda dozi ndogo zaidi. Kwa uamuzi huo anaweza kupewa rufaa ya daktari wa moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, eneo la Muhimbili, ila kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika karibu na nyumbani katika hospitali yenye mashine ya umeme wa moyo. Binti anayesoma haya akiwa na mimba au anatarajia kushika mimba huku anatumia atenolol aende mapema zaidi kuliko wote, kwa kuwa inahusishwa na mtoto kuzaliwa mdogo, na zipo mbadala kama methyldopa, nifedipine na labetalol.

Ikiamuliwa aiache, mpangilio huwa hivi: dawa ya kuchukua nafasi inaanza au inaongezwa kwanza, kisha atenolol inashushwa kutoka 50 hadi 25 mg kwa wiki moja au mbili, na baada ya hapo inasimamishwa au inapitia 12.5 mg (nusu ya kidonge cha 25) kwa wiki nyingine. Mwenye tatizo la mishipa ya moyo hushushwa taratibu zaidi na chini ya uangalizi. Katika siku hizo asibebe ndoo za maji, asipande milima, apime presha na mapigo kila siku asubuhi. Kifua kikibana au mapigo yakipita 100 akiwa ametulia, mnarudi kwa daktari siku hiyo hiyo, na mara nyingi dozi iliyotangulia hurudishwa. Usifanye haya kwa kusoma hapa. Nimeyaandika ili umtambue daktari anayefanya vizuri, na ili akikuambia "acha tu leo" uwe na ujasiri wa kuuliza.

Mambo mengine ya kila siku niyapite kwa haraka. Akisahau dozi, ameze akikumbuka. Kama dozi nyingine imekaribia, aruke, asimeze mbili. Ile metoprolol ya kutolewa polepole, kwa wanaoitumia, isisagwe wala kutafunwa, na carvedilol iliwe na chakula ili presha isianguke ghafla mtu anaposimama. Kwa magoti yanayouma, mama atumie paracetamol. Diclofenac na ibuprofen hupandisha presha na kuumiza figo, na zinauzwa kama karanga. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nazo hupandisha presha. Verapamil au diltiazem pamoja na betabloka zinaweza kuushusha moyo vibaya, ingawa amlodipine haina shida hiyo. Kwa wanaotumia metoprolol: dawa mseto ya malaria ya ALu inaweza kuongeza kiwango chake kwenye damu, hivyo mwambieni mhudumu ili achague na kufuatilia, malaria lazima itibiwe. Akipangiwa upasuaji au kung'oa jino, aseme anatumia atenolol, asiiache asubuhi ya siku hiyo ila kwa maelekezo ya mtaalamu wa usingizi. Mlonge, kitunguu saumu na choya ni chakula kizuri. Visichukue nafasi ya kidonge.

Zaidi ya kifua na mapigo niliyotaja, haya pia hayasubiri: kukoroma kwa kifua au pumzi kubana baada ya kumeza dawa, miguu kuvimba na uzito kuongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, mdomo kupinda, mkono au mguu upande mmoja kulegea, kauli kuvurugika.

Mtakapokwenda wiki hii, bebeni maboksi yote ya dawa, pamoja na ya jirani, na karatasi yenye presha na mapigo ya siku hizi sita. Presha ipimwe akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa nne, mkono mezani usawa wa moyo, mashine ya mkono wa juu, mara mbili kwa dakika moja katikati. Mwambieni daktari wazi kwamba aliacha siku nne na kwamba alimeza propranolol. Akifichwa hilo, atadhani 50 mg haikutosha na anaweza kuongeza. Muombeni umeme wa moyo, kreatinini, protini kwenye mkojo na sukari. Na kabla hamjaondoka dirisha la dawa, hesabuni vidonge: viwe vinavuka tarehe ya kurudi kwa wiki moja zaidi, kwa sababu wengi wanaokatika ghafla hawakuamua kuacha, dawa iliwaishia tu.